Maswali ya Wasomaji: Ukuu Usiochunguzika Hauzibi Kinywa cha Mfiwa

Barua tatu zimetufikia kwa nyakati tofauti, kutoka kwa watu wasiofahamiana, nazo zote zinauliza juu ya mstari mmoja, yaani Zaburi 145:3. Tumeona ni vema zijibiwe pamoja, ingawa ya kwanza itachukua nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa aliyeiandika anaihitaji.

Swali la kwanza

*Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mjane, fundi cherehani, na mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu hapa Kigoma. Mume wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua siku nne tu. Siku ya tatu ya msiba niliuliza kwa sauti, mbele za watu, kwa nini Mungu amemchukua ilhali watoto watatu bado wanamtegemea. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia nisiulize, kwa sababu imeandikwa kwamba ukuu wa Mungu hautambulikani, na watu wakaitikia amina. Tangu siku hiyo, kwaya inapoimba wimbo uliotungwa kwa maneno ya mstari huo, mimi husimama nimefumba kinywa. Je, mstari huu unakataza kuuliza? Na kama haukatazi, niutumieje, maana kuukwepa siwezi?*

Amina, mama, na pole sana kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara kadhaa kabla ya kushika kalamu, na ningependa kuanza na jibu lenyewe ili usilisubiri: mstari huo haukatazi kuuliza. Neno uliloambiwa siku ile limo katika Biblia, lakini halikuwekwa humo kwa ajili ya kazi iliyofanywa nalo pale msibani.

Katika Biblia ya Union, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, mstari unasomeka hivi: "BWANA ndiye mkuu mwenye kusifiwa sana, wala ukuu wake hautambulikani." Ugumu unaanzia kwenye neno la mwisho. Katika Kiswahili cha kila siku neno lenye umbo hilo hutujia pamoja na ndugu zake, yaani haijulikani, haionekani na haipatikani, ambayo yote hueleza kitu kisichokuwapo mbele yetu au tusichokuwa na habari zake. Kwa hiyo msikilizaji anaweza kudhani kwamba Daudi anazungumzia jambo lililofungiwa mbali, ambalo binadamu hana analolijua, na kwa sababu hiyo hana la kusema. Maneno ya Kiebrania yaliyotafsiriwa hapo ni mawili tu, *en kheker*, na maana yake ni kwamba hakuna kuchunguza kunakofika mwisho wake. *Kheker* ni kazi ya mtu anayelichimbua jambo mpaka kiini chake. Kitenzi cha mzizi huohuo ndicho kinachotumika watu wa kabila la Dani wanapotumwa kuikagua nchi katika Waamuzi 18:2, na ndicho kinachotumika waamuzi wanapoagizwa kulichunguza shauri zito kwa bidii katika Kumbukumbu la Torati 13:14. Daudi basi hasemi kwamba ukuu wa Mungu haujulikani. Anasema kwamba anayeanza kuuchunguza hatafika siku ya kusema amemaliza.

Wewe unaishi kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo mahali penye kina kirefu zaidi linashuka mita zipatazo 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa zao katika usiku usio na mbalamwezi hawajawahi kuigusa sakafu ya ziwa hilo, wala baba zao na babu zao hawakuigusa, lakini nani atathubutu kuwaambia kwamba hawalijui ziwa? Wanajua upepo wake, wanajua majira ambayo samaki hupanda na majira ambayo hupotea, na wanajua ni lini linaua. Wanalijua kweli, nalo bado linawazidi. Si ajabu kwamba katika Ayubu 38:16, Mungu anapomuuliza Ayubu kama amewahi kutembea katika vilindi vya bahari, neno linalotajwa juu ya vilindi hivyo ni lilelile *kheker*. Tofauti ni kwamba kina cha ziwa kimepimwa na namba yake inafahamika, wakati hiki anachokisema Daudi hakina namba.

Nimekitaja kitabu cha Ayubu kwa makusudi, kwa sababu ndicho kinachogusa hasa lile lililokupata. Maneno yaleyale ya Zaburi 145:3, kwamba Mungu ana mambo makuu yasiyochunguzika, yanasemwa katika kitabu hicho na watu zaidi ya mmoja. Elifazi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, anayasema katika sura ya 5, mstari wa 9. Ayubu mwenyewe anayasema, karibu neno kwa neno, katika sura ya 9, mstari wa 10. Kisha katika sura ya 11, mstari wa 7, Sofari, rafiki mwingine, anayageuza kuwa swali la kumnyamazisha Ayubu: je, wewe waweza kumchunguza Mungu ukafika mwisho? Kumbuka anayeulizwa hivyo ni nani. Ni baba aliyezika watoto kumi waliokufa kwa siku moja, wana saba na binti watatu, naye amekaa na majeraha mwili mzima. Maneno ya Sofari ni ya kweli kabisa, na hakuna mwanatheolojia anayeweza kuyakosoa. Lakini kitabu kinapofika mwisho, katika sura ya 42, mstari wa 7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Aliyeuliza maswali sura baada ya sura, tena kwa ukali unaotutia hofu sisi tunaosoma, ndiye aliyesemwa kwamba amenena sawa.

Ninaloliona hapo, na ndilo ninalotaka ulibebe kutoka katika barua hii, ni kwamba neno la ukuu usiochunguzika lina mahali pake pa kutamkiwa. Ayubu alilitamka kutoka ndani ya maumivu yake mwenyewe, katika hotuba inayoishia kwa kumgeukia Mungu, na hapo likawa sehemu ya maombi. Sofari alilitamka akiwa amemwelekea mfiwa, yeye mwenyewe akiwa hana jeraha, na hapo likawa kifuniko cha kuzibia kinywa cha mwingine. Zaburi 145 nayo, kuanzia mstari wake wa kwanza, imesemwa kwa Mungu: "nitakutukuza." Ni kinywa cha mtu mwenyewe kinachosifu kwa hiari. Hakuna mahali katika zaburi hiyo ambapo Daudi anamgeukia aliyeanguka na kumwambia anyamaze.

Nikuambie pia jambo ambalo sikulifahamu nilipokuwa mchungaji kijana, wakati ambapo mimi mwenyewe nilisimama katika misiba miwili au mitatu nikasema maneno yanayofanana na yale ya mzee wako. Niliyasema kwa hofu. Swali la mfiwa lilikuwa zito kuliko elimu yangu, nami nikatafuta mstari wa kulifunikia upesi ili ukimya usidumu. Huenda mzee wako naye aliogopa. Silisemi hili ili kumtetea, kwa maana nimejutia maneno yangu miaka mingi, ila nalisema ili ujue kwamba waliokunyamazisha hawakuwa wamepokea agizo lolote kutoka juu. Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema katika kitabu kizima, nalo ni lile la sura ya 2, mstari wa 13: waliketi pamoja naye chini, siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona ya kuwa maumivu yake ni makubwa sana. Desturi zetu za msiba zinalijua jambo hilo tangu zamani. Mama anayekuja na unga na kuni, akaingia jikoni bila kuhutubia mtu, na wale wanaolala matangani ili mfiwa asiamke usiku akakuta nyumba tupu, wameelewa Maandiko vizuri kuliko wengi wetu wenye majoho.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako. Mstari wa 3 usiusome peke yake, kwa sababu Daudi hakuuacha peke yake. Baada ya kusema kwamba ukuu huo hauna mwisho wa kuchunguzwa, anatumia mistari kumi na minane kuueleza, na ukifuatilia anachokieleza utaona kwamba mkuu huyu anaonyeshwa hasa kwa namna anavyoinama. Mstari wa 14 unasema: "BWANA huwategemeza wote waangukao, huwainua wote walioinama chini." Mstari wa 18 unasema: "BWANA yu karibu na wote wamwitao." Kama ukuu wake ungekuwa wa kifalme tunaouzoea sisi, ambapo mtu kadiri anavyopanda cheo ndivyo milango ya kumfikia inavyozidi kuwa mingi, mistari hiyo isingekuwa na nafasi humo. Naomba usome zaburi nzima, ukae kwanza kwenye mstari wa 14, na usijilazimishe kurudi kwenye ule wa 3 mpaka wenyewe utakapokuita.

Ukitaka maneno ya kuuliza, Zaburi zinakupa. Daudi huyohuyo ndiye anayeuliza katika Zaburi 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?", na Zaburi 22 inaanza kwa swali ambalo Bwana wetu mwenyewe alilitamka msalabani. Zaburi 88 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inamalizika gizani bila jibu lolote, na bado Israeli waliitunza miongoni mwa nyimbo zao za ibada. Kuna pia jambo la ajabu katika Zaburi 139, inayoanza kwa maneno, "Ee BWANA, umenichunguza na kunijua." Kitenzi cha kuchunguza hapo ni kile chenye mzizi wa *kheker*. Sisi hatuwezi kumchunguza tukammaliza, lakini yeye ametuchunguza mpaka mwisho, na swali lako alikuwa nalo kabla hujalitoa siku ile ya tatu.

Kuhusu kwaya, wewe ni mwimbaji na unajua kwamba katika noti ndefu waimbaji hupokezana pumzi: mmoja anaponyamaza ili avute hewa, wenzake wanaishikilia sauti, na msikilizaji hasikii pengo. Mstari wa 4 wa zaburi hii unasema kizazi kwa kizazi kitayasifu matendo ya Mungu, jambo ambalo linaonyesha kwamba sifa hii haikuwekwa juu ya mabega ya mtu mmoja. Simama katika safu yako. Ukiweza kuimba, imba, na usipoweza, waache wenzako wakushikilie wimbo kwa muda unaouhitaji, hata kama muda huo ni mwaka mwingine.

Neno moja ninaliongeza kwa ajili ya usharika wako, nami naomba uwape wasome. Kanisa linalokiri kwamba Mungu ni mkuu kwa sababu huwategemeza waangukao lina kazi ya kufanya pale mjane anapofuatilia mirathi mahakamani akiwa peke yake, pale ndugu wa marehemu wanapokuja kuchukua cherehani au kiwanja, na pale ada ya shule inapodaiwa mwezi Januari. Mzee aliyenukuu mstari wa 3 angeweza kukusindikiza kwa hakimu kwa ajili ya mstari wa 14, nami naamini hajachelewa.

Swali la pili

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita mkoani Mbeya, na ninapenda sana fizikia. Kiongozi wetu wa kikundi cha maombi alitufundisha kwamba, kwa kuwa ukuu wa Mungu hautambulikani, anayezama mno katika kuchunguza nyota na atomu anamvunjia Mungu heshima. Je, ni kweli?*

Si kweli, kijana wangu, na Zaburi yenyewe inalikanusha hilo. Kinachosemwa katika mstari wa 3 kwamba hakina mwisho wa kuchunguzwa ni ukuu wake Mungu, lakini kuanzia mstari wa 4 hadi wa 6 zaburi inataja mara kwa mara matendo yake, na matendo hayo yanasimuliwa, yanatafakariwa na kutangazwa. Zaburi 111:2 inasema waziwazi kwamba matendo ya Bwana ni makuu, nayo hutafutwa kwa bidii na wote wapendezwao nayo.

Mstari huo wa Zaburi 111 una historia ambayo utaipenda. Maabara ya Cavendish ya Chuo Kikuu cha Cambridge, nchini Uingereza, ilipofunguliwa mwaka 1874, maneno yake yalichongwa kwa Kilatini juu ya mlango mkubwa. Profesa wa kwanza wa maabara hiyo alikuwa James Clerk Maxwell, Mkristo wa dhati, ambaye milinganyo yake ya sumaku na umeme huenda unaikaribia katika masomo yako. Katika maabara hiyo J. J. Thomson aligundua elektroni mwaka 1897, na huko ndiko James Watson na Francis Crick walikokuwa wakifanya kazi walipolitambua umbo la DNA mwaka 1953. Maabara ilipohamia majengo mapya katika miaka ya 1970, mstari uliwekwa tena mlangoni, safari hii kwa Kiingereza. Waliopita chini ya maneno hayo hawakuwa wote waumini, na sitaki kukuambia kwamba kila ugunduzi humleta mtu kanisani. Ninachosema ni kwamba waliouweka mstari ule mlangoni hawakuona ugomvi wowote kati ya kuchunguza na kuabudu.

Kiongozi wako ana hofu moja ambayo ni ya haki, yaani kwamba mtu anaweza kujivuna kwa alichokijua. Dawa ya hofu hiyo ni kuchunguza kwa uaminifu, kwa kuwa mchunguzi mwaminifu huona kila jibu likimzalia maswali mengine matatu. Nenda ukasome fizikia, na usiku utakapokuwa umechoka na vitabu, toka nje utazame juu pamoja na Zaburi 8.

Swali la tatu

*Nimesoma kwamba Zaburi 145 imepangwa kwa kufuata alfabeti ya Kiebrania, yenye herufi 22. Mbona katika Biblia yangu ina mistari 21 tu?*

Umehesabu vizuri. Kila mstari unaanza na herufi inayofuata, isipokuwa kwamba katika maandishi ya Kiebrania yaliyopokewa na Wayahudi mstari wa herufi Nuni, ambao ungekuja kati ya wa 13 na wa 14, haupo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inao, na gombo la Zaburi lililopatikana katika pango la 11 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1956 linao kwa Kiebrania. Unasema kwamba Mungu ni mwaminifu katika maneno yake na mwenye fadhili katika matendo yake yote. Baadhi ya tafsiri za siku hizi zimeurudisha, zikiuweka ndani ya mstari wa 13. Biblia ya Union haina.

Wayahudi, ambao huisali zaburi hii mara tatu kila siku, waliliona pengo hilo mapema, na katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wao wa kale, kuna maelezo yake. Mwalimu mmoja, Rabi Yohanani, alisema Daudi aliiacha herufi hiyo kwa sababu ndiyo inayoanzisha neno la kuanguka katika Amosi 5:2, "Bikira wa Israeli ameanguka, hatainuka tena," naye hakutaka anguko hilo liwemo katika wimbo wa sifa. Mwalimu mwingine akaongeza kwamba hata hivyo Daudi aliliona anguko hilo kwa roho, ndiyo maana mara tu baada ya pengo aliandika kwamba Bwana huwategemeza wote waangukao. Huo ndio mstari wa 14, uleule niliomwomba mama yetu wa Kigoma akae kwanza juu yake.